Mguu wa Mke wa Fundi

Fundi cherehani huyu watu walimwita Pimapima, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa hakati kitambaa mpaka akipime, akipime tena, kisha amwite mkewe aje kushika ncha ya futi wahakikishe wote wawili. Mlango wa nyumba akishaufunga, alikuwa anatembea hatua chache halafu anarudi kuusukuma. Mteja akileta suruali ya kupunguzwa, fundi alimwuliza mara nyingi kama ana hakika, mpaka maskini wa watu akaanza kuutilia shaka urefu wa miguu yake mwenyewe.

Mkewe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa masufuria makubwa na sauti kubwa, wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye kilichochekesha ni nini. Binti yao wa pekee alikuwa ameshaolewa na kuhamia mbali, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili, na kazi walishagawana zamani: mume aogope, mke acheke. Mambo yalikwenda vizuri hivyo kwa miaka mingi.

Mchana mmoja wa upepo, bati kuukuu lililokuwa limeegemezwa nyuma ya jiko la shule liliteleza, na ukingo wake wenye kutu ukamchana mpishi kwenye shavu la mguu. Bati hilo lilikuwa limekaa pale muda mrefu kwenye tope la maji ya vyombo, kuku wakilala chini yake. Yeye alijimwagia kata ya maji, akajifunga kitambaa cha jikoni, akaendelea kupakua chakula maana watoto walikuwa wameshapanga foleni. Jioni alipofika nyumbani akichechemea, alimwambia mumewe amekwaruzwa tu.

"Nione."

"Uone nini? Ukiona hutakula."

Kesho yake akaenda kazini hivyo hivyo. Aliporudi hakuweza kukanyaga. Mguu ulikuwa umejaa, na kitambaa kimeganda kwenye jeraha kama kimebandikwa kwa gundi. Pimapima hakuuliza tena. Alitoka mbio na ndala za mkewe miguuni, akaita teksi.

Hospitali walipokewa na daktari kijana mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. Aliuliza jeraha limetokea lini, wapi, na kitu gani kilichomkata, na kila jibu lilimfanya akunje uso kidogo zaidi. Akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda na nyingine ya ganzi, kisha akaanza kuosha. Aliosha mpaka Pimapima akadhani amesahau kuacha. Maji yalimiminwa, yakakingwa, yakamiminwa tena, na vijiwe vidogo na vumbi jeusi vikatoka. Fundi alikuwa amesimama kichwani mwa kitanda ameushika mkono wa mkewe, ameapa hatatazama. Akatazama. Ngozi ilikuwa imefunguka mdomo mrefu, na ndani aliona mafuta ya manjano na nyama nyekundu, vitu ambavyo kwa maoni yake Mungu alivifunika kwa makusudi.

Daktari akachukua mkasi, akapunguza vipande vyeusi vya ukingoni. Moyo wa fundi ukatulia kidogo. Huyu anajua kazi, alijisemea. Anasawazisha kingo kwanza, ndipo ashone. Lakini daktari hakushona. Alijaza shashi yenye unyevu ndani ya jeraha, akalizungushia bandeji, akavua glavu.

"Daktari," Pimapima akasema, "na kushona?"

"Hili hatulishoni, mzee. Siyo leo."

Maelezo aliyapata kwa muuguzi wa vidonda, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikuwa anakunja vifaa vyake huku anaongea, bila papara.

"Jeraha likiwa safi na mtu akiwahi, tunaliunganisha siku hiyohiyo. Hili ni chafu na limechelewa. Wadudu wameshaingia. Nikilifunga juu, nimemfungia mwizi ndani ya nyumba na familia yote. Tunaliacha wazi, linatoa uchafu, tunalisafisha. Likiwa zuri, baada ya siku chache daktari anaweza kulishona. Lisipokuwa zuri, litajaa lenyewe. Nyama mpya inaanzia chini, inapanda juu. Ngozi inakuja mwisho. Umenielewa, baba?"

"Nimekuelewa, sista."

Alielewa, lakini tumbo lilikuwa halijaelewa. Usiku ule na siku zilizofuata hakula kitu kikamkaa. Kila alipoinamia cherehani aliuona ule mdomo. Alikuwa anaunganisha pande mbili za shati la mtoto wa shule, mguu ukikanyaga, sindano ikipanda na kushuka, na anawaza: kitambaa cha mtu nisiyemjua sikiachi kimechanika, na mke wangu analala hivyo.

Waliporudi kubadilisha bandeji, muuguzi alilikagua jeraha kwa muda, akaligusa kando kwa kidole, akanusa shashi iliyotoka.

"Bado," alisema.

Neno hilo moja lilimharibia fundi siku nzima. Bado nini? Mpaka lini? Alitaka kuuliza, lakini nje foleni ilikuwa ndefu na muuguzi ameshamwita mgonjwa mwingine. Mkewe alikuwa anataniana na mlinzi wa mlangoni, anamwambia yeye sasa ana mfuko mguuni, akipata cha kuweka atamjulisha.

Nyumbani walimkuta shemeji. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mkewe, na Pimapima kimoyomoyo alimwita Jemedari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewalea wadogo zake baada ya mama yao kufariki, na tangu hapo hakuwahi kupata habari kwamba wamekua. Aliingia jikoni bila kubisha, akaosha vyombo visivyo vichafu, kisha akataka kuuona mguu.

Alipoambiwa haujashonwa, aliweka mikono kiunoni.

"Haujashonwa? Mke wa fundi cherehani anatembea amechanika? Shemeji, watu wakisikia si watatucheka?"

"Wamesema uchafu lazima utoke kwanza," alisema mkewe.

"Wamesema! Wale wanasema hivyo kwa kila mtu ili waende nyumbani mapema. Jirani yangu alikatwa na kioo, kidonda kinachuruzika damu, akapelekwa kwa tabibu wa zahanati ya kwetu. Alishonwa saa ileile. Leo hata kovu ulitafute kwa tochi."

"Kioo siyo bati, dada."

"Kukatwa ni kukatwa."

Pimapima alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni. Angepaswa kusema kile alichoambiwa kuhusu mwizi na nyumba; maneno aliyakumbuka vizuri. Lakini Jemedari alikuwa anasema kwa sauti jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa analisema kimyakimya kwa siku zote zile, na kulisikia linatoka kwenye kinywa cha mtu asiye na shaka kulimpa raha kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Labda," alisema, "tukamwone tu huyo tabibu. Tusikie atasemaje."

Mkewe alimgeukia. "Na wewe?"

"Kuona tu."

"Wewe huwa huoni tu, Pimapima. Siku hizi hata chai unaisahau mpaka inaota utando." Alimtazama mumewe mashavu yaliyobonyea, kola ya shati iliyomzidi shingo, akavuta pumzi. "Haya. Twende nikashonwe ili wewe upone."

Alisema hivyo anacheka, lakini alikwenda shingo upande, na mumewe aliliona hilo.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja kilichopakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni. Tabibu alikuwa mtu mpole mwenye vidole vyembamba. Aliifungua bandeji, akaangalia, akasita.

"Limetokea lini?"

"Jana tu," Jemedari aliwahi kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo.

Tabibu akamtazama fundi. Ilikuwa nafasi yake. Angesema neno moja tu, lile la kweli. Akatazama kalenda ya ukutani, na ile nafasi ikapita. Mkewe naye alikuwa amefumba macho, ameng'ata ncha ya mtandio.

Tabibu akaosha juujuu, akachoma ganzi, akashona. Pimapima safari hii alitazama bila kizunguzungu. Uzi mweusi uliingia na kutoka, mafundo yakakaa kwa mstari, umbali sawasawa, na ule mdomo ukafumba kutoka ncha hii mpaka ile. Mshono ulikuwa mzuri. Yeye mwenyewe asingeufanya vizuri zaidi. Jioni hiyo alikula sahani mbili akamwomba mkewe msamaha kwa kumalizia mboga.

Raha yake haikumaliza hata siku mbili.

Mwanzo mkewe alisema mguu unagonga. "Unagonga kama mtu yuko ndani anataka kutoka." Alicheka, na Pimapima akajilazimisha kucheka. Baadaye akasema bandeji inabana. Walipoilegeza waliona ngozi imevimba mpaka nyuzi zimezama, kila fundo limekaa kwenye kishimo chake, na kandokando pamekuwa pekundu na pana joto. Fundi aliweka kiganja chake karibu bila kugusa, akausikia moto.

"Ni kawaida?" aliuliza, kana kwamba mkewe ndiye daktari.

"Itakuwa ni dawa inafanya kazi. Dada kasema itavuta kidogo."

Asubuhi iliyofuata wekundu ulionekana umepanda. Au haukupanda? Hapo ndipo alipokuwa na wasiwasi na wasiwasi wake mwenyewe, maana alijijua ni mtu wa kuona mbili penye moja. Akaenda kwenye meza ya kazi, akachukua chaki yake, ile bapa ya bluu, akarudi akapiga magoti kitandani. Akachora mstari kuuzunguka wekundu wote, taratibu.

"Unanipima gauni?" mkewe aliuliza.

"Tulia."

"Uache nafasi ya mapaja, nimenenepa."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya mzaha kwa siku nyingi. Fundi alikwenda kwenye cherehani, akashona pindo la sketi, akalifumua, akalishona tena likawa upande. Mchana alipopeleka uji, mkewe aligeuza uso ukutani. Alikuwa anatetemeka kwa baridi wakati bati la nyumba linalia kwa jua. Pimapima akafunua shuka. Wekundu ulikuwa umeuruka mstari wa bluu kwa upana wa vidole viwili, na kutoka hapo ulikuwa umetuma michirizi kuelekea gotini. Kukawa na harufu pia. Hakuwahi kuinusa nyumbani kwake, ila alijua ni ya kitu kinachooza.

"Mama," alimwita, jina alilomwita tangu binti yao azaliwe. "Mama, niambie kitu."

Mkewe alifungua macho. Hakucheka. Katika miaka yote ile Pimapima hakuwahi kusema neno kwa mkewe akakosa hata tabasamu, na ukimya ule ulimwogofya kuliko michirizi. Akambeba. Mwanamke mzito vile, na yeye mwembamba kama futi yake, lakini alimfikisha mpaka barabarani, jirani akaja kusaidia, teksi ikaitwa.

Njiani alikishikilia kisigino cha mkewe mapajani kisigonge popote, na kila gari lilipoingia kwenye shimo aliomba radhi kwa sauti, utadhani yeye ndiye aliyechimba.

Muuguzi wa vidonda aliifungua bandeji. Akavaa miwani yake. Akayaangalia yale mafundo yaliyopangwa vizuri, kisha akamwangalia fundi.

"Nani ameshona?"

"Sista," mgonjwa alisema kwa sauti ndogo, "zitoe kwanza. Maneno baadaye."

Muuguzi hakungoja daktari afike ndipo aanze. Alikata uzi wa kwanza, na kabla hajaushika wa pili jeraha lilijifungua lenyewe, usaha ukaruka mpaka kwenye aproni yake. Hakurudi nyuma. Alikata nyuzi zote, moja baada ya nyingine, na kila ilipokatika fundi alihisi kitu kinakatika kifuani. Daktari yule kijana akaja, akaminya juu ya jeraha, na usaha ukatokea chini.

"Umesafiri chini ya ngozi," alisema. "Na hii alama ya bluu ni nini?"

"Ni chaki," Pimapima alisema. "Asubuhi wekundu ulikuwa umeishia hapo."

"Leo asubuhi?"

"Leo asubuhi."

Daktari akaanza kutembea haraka. Dripu ikatundikwa, sindano zikaingizwa kwenye mpira. Akamwita fundi pembeni. Alimwambia wanampeleka chumba cha upasuaji wafungue zaidi na kuondoa kila nyama iliyokufa. Alimwambia hawajui imeharibika mpaka wapi. Wakikuta imefika kwenye misuli ya ndani, watalazimika kukata zaidi, na ikiendelea kupanda baada ya hapo, mazungumzo yatakuwa mengine.

"Mazungumzo gani?"

"Ya mguu wenyewe, mzee. Lakini tusifike huko kwanza."

Pimapima alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye benchi la korido, na pale alipokaa aliona mambo yote: mkewe na mkongojo, masufuria ya shule yakipikwa na mtu mwingine, binti yao akiuliza kwa simu ilikuwaje. Magurudumu ya kitanda yalipopita aliinuka, akakaa. Mlango ulipofunguliwa aliinuka, akatoka mfagizi na ndoo. Mikono yake haikuwa na kazi, ikawa inakunja pindo la shati na kulikunjua, inakunja na kukunjua.

Jemedari alifika anahema. Alikaa mwisho wa benchi, mbali naye.

"Mimi nilisema tu," alianza. "Mume ni wewe. Aliyeamua ni wewe."

"Ni kweli, shemeji."

Jemedari alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na kukosa wa kugombana naye kulimvunja nguvu. Aliuvuta mtandio ukafunika uso, mabega yakaanza kutikisika. "Nimemlea yule," alisema ndani ya kitambaa. "Nimemfunga mgongoni, nikamfundisha kutembea." Pimapima alisogea, akakaa karibu naye. Wakakaa hivyo kama watu wanaongoja usafiri.

Muuguzi alipotoka, fundi alisimama kabla hajaitwa.

"Mguu upo," muuguzi alisema. "Haijafika kwenye misuli ya ndani, imekaribia. Homa tutaiangalia." Kisha akamtazama moja kwa moja. "Baba, nilikuambia nyama mpya inaanzia wapi?"

"Chini."

"Nilidhani hukunisikia."

"Nilikusikia, sista. Nilishindwa kungoja. Nilipoulizwa ni lini, nikanyamaza."

Muuguzi alitaka kusema kitu kikali. Kilionekana kabisa kwenye midomo yake. Lakini alishusha pumzi. "Mimi nami nilisema 'bado' nikakimbilia mgonjwa mwingine. Kesho uje nibadilishe bandeji ukiwepo. Utashika taa na utaangalia. Utauliza kila kitu kinachokuja kichwani, hata cha kijinga."

Kesho yake aliangalia, akashika ukingo wa kitanda, muuguzi akamsukumia stuli kwa mguu bila kuacha kazi. Jeraha sasa lilikuwa kubwa kuliko mwanzo, shimo ambalo kiganja cha mtu kingelala humo. Fundi alijua kwamba ukubwa ule ni wake.

Homa ilikataa kushuka siku ya kwanza, ikashuka, ikarudi, na kila kipimajoto kilipowekwa kwapani mwa mkewe fundi aliinama kukisoma kabla ya muuguzi. Wekundu ulisimama. Halafu ukaanza kurudi, kidogokidogo, mpaka ukawa chini ya chaki iliyofifia. Siku mkewe alipoagiza mayai mawili na kulalamika kwamba mpishi wa hospitali hajui chumvi, Pimapima alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia kama mtoto.

"Njoo hapa," mkewe alimwambia aliporudi na macho mekundu. "Keti."

Akaketi.

"Mguu ni wangu. Mdomo pia nilikuwa nao, nikafumba macho. Kwa hiyo usijibebeshe wote peke yako. Lakini siku nyingine ukiogopa, ogopa mbele ya daktari. Siyo mbele ya dada."

"Umenisamehe?"

"Nitakusamehe taratibu. Nimeambiwa vitu hivi vinaanzia chini." Na akacheka, kicheko kidogo kilichoishia kwenye kikohozi.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, fundi alikuwa ameshafundishwa. Aliosha mikono mpaka viwiko, akatandika kitambaa safi, akaiondoa shashi kwa kuilowesha kwanza isije ikang'oa kitu, akaosha jeraha kwa maji ya chumvi aliyopewa hospitali. Mkono wake uliozoea sindano ulikuwa mwepesi, ila moyo haukuzoea. Kila mara kabla ya kufunua tabaka la mwisho alifumba macho akahesabu. Aliogopa manjano, aliogopa weusi, aliogopa harufu. Jeraha lilipoanza kujaa nyama nyekundu yenye vipunjepunje kama komamanga, aliogopa na hiyo. Siku moja aliigusa kwa bahati mbaya, ikatoa damu, akamkimbilia muuguzi bila hata kubadilisha ndala.

"Damu!" alisema mlangoni.

"Nyingi?"

"Tone. Mawili."

"Basi nenda nyumbani, baba. Inayotoka damu ni hai. Ile iliyokufa ndiyo ukiigusa haisemi kitu."

Jemedari alikuja kila siku. Hakutoa ushauri. Alifua, alipika maharage na samaki kwa sababu muuguzi alisema mwili unajenga kwa chakula, akaondoka. Mara moja tu alisimama nyuma ya fundi akiwa anafunga bandeji, akasema, "Legeza kidogo hapo juu," kisha akajifunika mdomo kwa mkono. Pimapima alitazama. Palikuwa pamebana kweli. Akalegeza.

Jeraha lilipojaa mpaka karibu na usawa wa ngozi, daktari aliwaita wote wawili. Alisema kuna njia mbili. Likiachwa, ngozi itatambaa kutoka pembeni mpaka ikutane, lakini kwa ukubwa ule itachukua muda mrefu, na kovu linaweza kuvuta mguu. Au achukue ngozi nyembamba pajani, aipandikize juu ya nyama ile. Hiyo ni haraka, ila mara nyingine haishiki, au inashika nusu, na paja nalo litakuwa na kidonda chake.

Pimapima alikuwa na maswali kumi na majibu ya kuogofya kwa kila moja. Mkewe alimgeukia.

"Unasemaje?"

Aliitaka sana nafasi ya kusema. Alitaka kusema tungoje, kisha akataka kusema tusingoje.

"Muulize daktari kila kitu," alisema. "Mimi nitasikiliza."

Mkewe akauliza. Aliuliza ni wangapi ngozi haikuwashika, ni kwa nini, atasimama lini kwenye jiko, na kama mguu ungekuwa wa daktari mwenyewe angechagua nini. Daktari alijibu yote, mengine kwa kusema hajui. Mwishoni mpishi akapiga paja lake kofi. "Lina ngozi ya kugawa hili. Pandikiza."

Siku ya kufungua bandeji ya kwanza baada ya upandikizaji, fundi alikuwa ameamka tangu alfajiri. Alishika taa mwenyewe. Muuguzi alilowesha, akangoja, akainua shashi polepole kutoka upande mmoja. Ngozi ilikuwa imelala juu ya nyama, ya waridi, imeshika. Aliendelea kuinua. Katikati imeshika. Upande wa chini, pembeni kabisa, kulikuwa na kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba kilichokuwa cheusi.

"Hapa haikushika," alisema muuguzi.

Pimapima akasogeza taa karibu. "Hapo inakuwaje, sista? Nieleze polepole, mimi ni mwoga."

Muuguzi akaeleza. Kipande kile kitaondoka, mahali pake patajaa, na ngozi ya jirani itapafunika. Pasafishwe, pasikwanguliwe. Wakiona pamekuwa pekundu kuzunguka, au pana moto, waje siku hiyohiyo.

Walitoka hospitali mchana, mke mbele akitembea kwa fimbo, mume nyuma amebeba mfuko wa shashi. Mguu ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake na ulikanyaga kwa kujiuliza. Kila unaposhuka Pimapima alishuka nao, kila ukiinuka aliinuka, macho hayakubanduka kwenye bandeji, mpaka akajigonga kwenye nguzo ya taa, mfuko ukaanguka.

"Acha kuutazama," mkewe alisema bila kugeuka. "Tazama njia. Sina mguu wa kukubebea."

Aliokota mfuko, akaupangusa vumbi, akaongeza mwendo akatembea ubavuni mwake.